Matibabu ya Kifua Kikuu Yasikomee Mpakani

Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia maelfu ya Warundi. Mwaka 2017 ulianza mpango wa kuwarejesha Warundi kwao kwa hiari, kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Katika safari za namna hii, wapo wanaoweza kuvuka mpaka wakiwa katikati ya matibabu ya kifua kikuu.

Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu kwa mtu mzima huchukua miezi 6. Kwa miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa 4: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kwa miezi 4 inayofuata huendelea na rifampisini na isoniazidi. Kikohozi na homa hupungua mapema, lakini vimelea vilivyosalia mwilini huendelea kuishi. Dawa zikikatizwa, ugonjwa huweza kurejea, vimelea vikajenga usugu, na jamaa wa nyumbani wakaambukizwa. Aliyekatiza dawa kwa miezi 2 mfululizo au zaidi huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji.

Kwa hiyo, ushirikiano wa nchi mbili hupimwa kwa jambo dogo: je, kituo kinachompokea mgonjwa kinajua alipofikia? Barua ya uhamisho ionyeshe tarehe ya kuanza dawa, majibu ya makohozi, uzito, dawa na vipimo vyake, pamoja na siku ya dozi ya mwisho. Majina ya dawa yaandikwe kwa ukamilifu, kwa kuwa vifupisho hutofautiana. Hata HIV huandikwa VIH katika Kifaransa kinachotumika Burundi. Mgonjwa apewe dawa za kumtosha hadi atakapopokelewa. Kituo kipya nacho kitoe taarifa kwamba amefika. Bila jibu hilo, kituo alikotoka hakiwezi kujua kama amepona, amefariki au ameacha dawa.

Kizuizi kikubwa mara nyingi ni hofu. Mgonjwa huweza kuficha kikohozi akidhani kwamba ataachwa nyuma na familia yake au atanyanyapaliwa na wasafiri wenzake. Iwapo bado anaweza kuambukiza, safari yake inapaswa kusogezwa mbele, naye aelezwe wazi kwamba kuahirisha si kumnyima haki ya kurudi. Inapowezekana, familia iulizwe kama ingependa kumsubiri. Habari za ugonjwa wake, hasa hali yake ya maambukizi ya VVU, zipelekwe kwa wahudumu wanaomtibu tu, wala zisitangazwe kwenye msafara.

Mgonjwa anayejiandaa kusafiri amjulishe mhudumu mapema, hata kama anasafiri kwa njia zake mwenyewe. Abebe kadi na dawa mkononi, si ndani ya mizigo inayopakiwa kwenye gari jingine, na afike kituo cha afya kilicho karibu kabla dawa hazijamwishia. Iwapo amekwisha kukatiza dawa, asione aibu kurudi: kazi ya mhudumu ni kumpima upya na kumwendeleza, si kumkaripia.