Kiluwiluwi wa Samaki Hufa Njaa na Chakula Kipo

Mkazi wa Makoko, katika mji wa Musoma, hahitaji kufundishwa thamani ya chambo. Wavuvi wa sangara katika Ziwa Victoria hutega kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na mojawapo ya chambo wanachokithamini sana ni kambare mdogo, kwa kuwa ni mgumu wa kufa hata akiwa ndoanoni. Kambare hao hukusanywa mabwawani na katika majimaji ya kando ya ziwa. Kadiri mahitaji yanavyozidi, ndivyo watu wanavyojaribu kuwatotolesha wenyewe.

Kazi hiyo huanza kwa matumaini. Kambare jike mmoja aliyekomaa vema hutoa makumi ya maelfu ya mayai, na katika maji ya vuguvugu mayai hayo huanguliwa kwa muda wa siku moja hadi mbili. Viluwiluwi huogelea, hunyunyiziwa unga wa chakula bora, nao huonekana wakiula. Baada ya siku chache hufa kwa maelfu. Sababu zaweza kuwa nyingi: maji machafu, maradhi, au wakubwa kuwala wadogo. Lakini ipo sababu moja ambayo mfugaji haioni kwa macho, nayo imo ndani ya matumbo yao.

Kazi ya vimeng'enya

Chakula kilichomezwa hakijawa faida ya mwili. Protini, kwa mfano, ni kama ushanga mrefu uliotungwa, na mwili hauwezi kuutumia mpaka ukatwe na shanga zake zitenganishwe. Wakataji wa ushanga huo ni vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kutumika na kwisha.

Katika samaki mzima mwenye tumbo, pepsini huanza kukata protini ndani ya tumbo penye asidi kali. Kisha chakula huingia utumboni, ambamo kongosho huleta tripsini ya kuendeleza kukata protini, amilesi ya kuvunja wanga, na lipesi ya kuvunja mafuta. Mwishowe, vimeng'enya vilivyomo katika kuta za utumbo hukamilisha kazi, na virutubisho hupenya kuingia damuni.

Kiluwiluwi hajafikia hali hiyo. Anapoanguliwa huishi kwa kiini cha yai alichobeba chini ya kifua. Samaki wengi wa baharini wanaofugwa hutaga mayai madogo mno. Yai la mwatiko lina upana wa milimita 1 na ushei tu, na baada ya siku mbili tatu akiba ya kiini hukaribia kwisha na mdomo hufunguka. Ukimtazama kwa hadubini wakati huo, utaona njia yake ya chakula ni bomba jembamba lililonyooka. Tumbo lenye asidi halipo, wala pepsini haipo. Anategemea vimeng'enya vya kongosho, na sehemu ya protini humezwa nzima na seli za utumbo wa nyuma na kuvunjwa humo ndani. Vimeng'enya vya kuta za utumbo hukomaa polepole katika wiki zinazofuata.

Barramundi, samaki wa Asia na Australia aliye wa jamii moja na sangara wetu, hupita katika hali hiyo hiyo: pepsini yake huanza kuonekana wazi kwenye wiki ya tatu hivi ya maisha yake.

Sato, kambare na mwatiko

Samaki hawalingani. Sato hutaga mayai machache yenye kiini kikubwa, na jike huyatamia mdomoni. Vifaranga wake wanapoanza kula, njia yao ya chakula imeshapiga hatua kubwa. Ndiyo maana wanakubali unga mapema, na ndiyo sababu moja ya sato kuenea katika mabwawa na vizimba. Kambare yumo katikati: huanza kula siku ya tatu hivi tangu kuanguliwa, lakini tumbo lake huanza kufanya kazi yake kamili siku nne au tano baadaye. Mwatiko na wenzake wa baharini husubiri zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wafugaji wa mwatiko wa pwani yetu wategemee kwa miaka mingi vifaranga waliovuliwa baharini, hadi kituo cha kuwatotolesha kilipojengwa Beit-el-Ras, Unguja, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Korea.

Daraja la chakula hai

Dawa ya pengo hilo ni chakula hai: rotifa na atemia katika vituo vya kutotolesha, au wadudu wadogo wa majini wanaostawi katika bwawa lililotiwa samadi. Miili yao ni laini, na sehemu kubwa ya protini yao huyeyuka upesi. Zamani ilidhaniwa kwamba wadudu hao humsaidia kiluwiluwi kwa vimeng'enya vyao wenyewe. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa mchango huo ni mdogo sana. Kiluwiluwi ana vimeng'enya vyake, ila havijatosha kukivunja chakula kigumu.

Basi mfugaji wa kambare asianze na unga mtupu. Awape chakula hai kwa juma la kwanza la kula, kisha achanganye na unga laini, akiuongeza siku hadi siku huku akipunguza chakula hai. Wala asihesabu siku peke yake, kwa maana maji ya baridi huchelewesha kukomaa kwa tumbo. Unga usioliwa uondolewe, usije ukaoza na kuharibu maji.

Anayefuata utaratibu huu atabakiza vifaranga wengi zaidi katika kila uzao, na mvuvi wa Makoko atapata chambo bila kuyamaliza makambare ya majimaji ya kando ya ziwa.