Mistari ya Kulala Haina Kosa

Fundi wangu wa hapa Kibarani hataki kunishonea dera la mistari ya kulala. "Itakunenepesha, mama," huniambia, futi ikining'inia shingoni. Mafundi wengi husema hivyo, na wote wamekosea.

Chora miraba miwili iliyo sawa. Mmoja ujaze mistari ya kulala, wa pili ya kusimama. Ule wa mistari ya kulala utauona mrefu na mwembamba zaidi, kwa kuwa jicho huiona nafasi iliyokatwakatwa kuwa kubwa kuliko iliyo tupu. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliliandika jambo hili mwaka 1867, na magauni ya wanawake aliyataja. Mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walipima wakakuta mraba wa mistari ya kulala yabidi upanuliwe kwa asilimia 4.5 ndipo ulingane machoni na mwenzake. Si nyingi, na utafiti wa Japani wa 2013 ulionyesha kuwa mistari hii huwafaa zaidi wembamba. Lakini kunenepesha kila mtu? Hapana.

Mwongo hasa ni kioo. Kioo chembamba kilichoegemezwa ukutani dukani hulegea katikati kwa uzito wake, kikabonyea kuelekea ukuta. Kikibonyea hivyo huivuta sura yako juu na chini, nawe waonekana mrefu, kiuno chembamba. Gauni lanunuliwa. Nyumbani kioo kimekazwa misumari juu na chini, na nyuma yake, katikati, mtu alishindilia kipande cha boksi la sabuni kisitikisike. Hicho kimetuna mbele, na kilichotuna hufupisha: gauni lile lile, mwili ule ule, sasa ni pipa. Mpwa wangu aliacha kula usiku wiki nzima kwa sababu ya boksi la sabuni. Tulipolichomoa alicheka, kisha akanuna kwa zile siku za njaa.

Bridget Riley, mchoraji wa Uingereza, mwaka 1961 aliifanya picha bapa ionekane imebonyea kwa miraba myeusi na myeupe tu. Picha ikibonyea twaiita sanaa. Msichana akivimba kiooni twamwambia apunguze wali.

Na gauni lililonunuliwa kwa uongo wa kioo huishia wapi? Jaa la taka la hapa Kibarani lilifungwa, pakapandwa miti, tukashangilia. Taka zenyewe zilipelekwa jaa la Mwakirunge, na nguo nzima zisizo na tundu zimo humo.

Kulihadaa jicho, hata hivyo, kuna kazi zake: kupanga pindo la leso, kupaka chumba chembamba rangi, kupamba bibi harusi, kupiga picha.

Ila si kwa kioo cha dukani. Wenye maduka, tafadhalini: kioo kisiegemezwe. Kikazeni ukutani kiwe wima, na nyuma yake pawe na ubao ulionyooka.