Mawaleh na Mwaka Ujao: Lipi Litangulie katika Faili la Gavana?



Kila ukaribiapo mwisho wa mwaka, maofisi ya serikali hapa Oman hufunga hesabu zake, kwani mwaka wa fedha wa nchi hii huanza tarehe 1 Januari na kumalizika tarehe 31 Desemba. Huo ndio msimu ambao viongozi wa mikoa na wa baladia hutaja mambo wanayokusudia kuyatanguliza: barabara hii, bustani ile, taa za mtaa fulani. Habari hizo hutolewa kwa Kiarabu, nasi tulio wengi, khasa wazee waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa na hawakubahatika kukisoma, huzipata vipande vipande barazani, kila mmoja akiongeza chake. Makala hii haikukusudia kumsemea Gavana wa Muscat. Imekusudia kueleza kazi yake ni ipi, mfuko wake una ukubwa gani, na kwa nini mwandishi anaona kuwa kwa mtaa wetu wa Mawaleh jambo moja linafaa kutangulia mengine yote.

Tuanze na vyeo, maana hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Mawaleh, ya Kaskazini na ya Kusini, imo katika wilaya ya Seeb, na Seeb ni moja katika wilaya sita za Mkoa wa Muscat, pamoja na Muscat yenyewe, Muttrah, Bawshar, Al Amerat na Qurayyat. Wilaya ina Wali wake. Wazee wetu wa Mwambao hawana haja ya kufasiriwa neno hili, kwani ndilo lile lile tulilolitamka "liwali", na wapo bado wanaomkumbuka Sheikh Mbarak Ali Hinawy alipokuwa Liwali wa Pwani mjini Mombasa. Juu ya Wali yuko Gavana, ambaye cheo chake kwa Muscat ni cha Waziri wa Dola. Zamani mambo ya mitaa yaliamuliwa zaidi wizarani. Mwaka 2022 ulitoka mfumo mpya wa mikoa, kwa Amri ya Kifalme nambari 36 ya mwaka huo, uliowapa magavana madaraka mapana zaidi ya kupanga na kusimamia miradi ya mikoa yao. Kwa hivyo aliyezoea kusema "hayo ni ya wizara, si ya hapa" anafaa aitazame upya kauli yake.

Liko pia Baraza la Manispaa. Uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika Disemba 2012, wa pili Disemba 2016, na wa tatu tarehe 25 Disemba 2022, ambapo raia waliotimiza miaka 21 walipiga kura kwa programu ya simu iitwayo Antakhib. Walichaguliwa wajumbe 126 kwa wilaya 63 za nchi nzima. Baraza hili kazi yake ni kutoa maoni na mapendekezo. Halina hazina yake mkononi. Lakini pendekezo lililoandikwa vizuri, lenye picha na tarehe, lina uzito kuliko malalamiko mia ya barazani.

Ama mfuko wenyewe, si mkubwa kama wengi wanavyodhani. Katika Mpango wa Kumi wa Maendeleo, ulioanza 2021 na kumalizika 2025, kila mkoa ulitengewa rial milioni 10 za kujiendeleza, kisha Sultan Haitham akaamuru zipandishwe hadi milioni 20. Fungu hilo ni mbali na miradi mikubwa ya serikali kuu, lakini ligawe kwa miaka, uligawe tena kwa wilaya sita, utaona kuwa linalobaki kwa mtaa mmoja halitoshi kufanya kila kitu. Mwenye fungu dogo hulazimika kuchagua, na hapo ndipo sauti za wakaazi zinapofaa kusikika.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwandishi anaona la kwanza ni maji.

Anayeishi Mawaleh miezi kumi kwa mwaka haoni dalili ya maji popote. Mvua ya Muscat kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100, ambazo kwetu Pemba huweza kunyesha kwa siku moja ya masika na watu wakaenda zao shamba. Taabu ni namna inavyonyesha. Nyuma yetu imesimama milima ya Hajar, miamba mitupu isiyonywa maji. Mvua ikipiga huko, maji yote huteremka kwa pamoja kupitia mawadi, yakikata uwanda wa changarawe tulioujenga majumba, yakitafuta bahari. Njiani hukutana na barabara kuu zilizoinuliwa, nazo, pasipokuwa na makalvati ya kutosha yaliyo safi, hugeuka kuwa ukuta. Maji husimama upande wa mlimani na kuingia majumbani mwa watu.

Haya si ya kudhania. Kimbunga cha Gonu cha Juni 2007 kiliua watu wapatao 50 nchini. Phet ikafuata Juni 2010. Tarehe 3 Oktoba 2021 Shaheen ilipiga pwani ya Batina, kule Musannah na Suwaiq, lakini hata kabla haijafika nchi kavu, hapa jirani yetu Rusayl kilima kiliporomoka juu ya makaazi ya wafanyakazi na kuwaua wawili. Mwezi wa Aprili 2024 haikuwa kimbunga hata, ilikuwa mvua tu. Nayo ilichukua roho za watoto wa skuli waliokuwa njiani kurudi nyumbani huko Samad al-Shan. Kila mzazi msomaji wa kurasa hizi anaikumbuka siku ile.

Mwandishi ana lake katika Aprili hiyo. Shangazi yangu, aliyepindukia miaka sabini, anaishi nyumba ya chini katika mtaa wa bondeni hapa hapa Mawaleh, na mara tatu kwa wiki hupelekwa kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu ya figo. Jumanne ile ya tarehe 16 maji yalisimama mlangoni kwake kufikia magotini. Gari haikuweza kuingia. Tulimbeba kwenye kiti mpaka kona ya pili, tukakuta barabara ya mbele nayo imefungwa na askari, na haki yao, kwani wadi ilikuwa ikipita juu yake. Akarudishwa ndani. Alisafishwa damu Jumatano jioni, miguu imevimba, pumzi fupi. Alipotulia alichotuuliza ni kama mazulia yamepona. Maji yalipokauka tulikwenda kuutazama mtaro wa mwisho wa mtaa: umejaa mchanga, matawi na mifuko ya plastiki hadi mdomoni. Tuliandika barua kwa ofisi moja, tukajibiwa kuwa mtaro huo unahusu ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikaturejesha ya kwanza.

Si kwamba hapakufanywa kitu. Bwawa la Al Khoud lipo tangu 1985, nalo huzuia zaidi ya mita za ujazo milioni 11, ingawa lilijengwa kwa ajili ya kuyarejesha maji ardhini na haliwezi peke yake kuulinda kila mtaa. Mabwawa makubwa ni kazi ya serikali kuu na huchukua miaka. Kusafisha mitaro kabla ya msimu hakuchukui miaka. Kunahitaji ratiba, lori na ofisi moja inayojulikana kuwa ndiyo yenye dhamana, na haya yote yamo ndani ya uwezo wa mkoa kwa mwaka mmoja.

Jambo la pili ni njia, na hili litazidi. Mwezi wa Mei 2023 ulizinduliwa mradi wa Mji wa Sultan Haitham katika wilaya yetu hii hii ya Seeb, eneo la mita za mraba milioni 14.8, makaazi 20,000 kwa watu laki moja. Ni neema, na vijana wetu wengi wanatarajia nyumba huko. Lakini watu laki moja watapita wapi asubuhi waendapo Muscat, kama si kando yetu?

La tatu ni soko. Biashara ya jumla ya mboga na matunda iliondoka Mawaleh mwishoni mwa Juni 2024 na kuhamia Khazaen, huko Barka. Kwa mfanyabiashara mwenye lori huenda ni nafuu. Kwa mama anayepika mandazi na mihogo ya nazi nyumbani ili kusaidia karo, aliyezoea kununua gunia lake karibu na mlango wake, ni safari ya gari ambayo yeye hana. Basi la kuaminika baina ya mitaa yetu na Khazaen lingekuwa ombi dogo. Mwandishi asingelitanguliza mbele ya maji, lakini kinamama watatu wameshamkosoa kwa hilo.

Wasomaji wasio raia wa Oman huuliza: sisi hatupigi kura, linatuhusu nini? Mtaro hauulizi pasipoti. Nambari 1111 ya Manispaa ya Muscat hupokea simu ya mkaazi yeyote, na mwenye kupiga aandike siku na saa, na aombe nambari ya lalamiko lake. Picha za mtaro zipigwe sasa, wakati wa ukavu, si siku ya mafuriko. Jirani aliye raia na azichukue kwa mjumbe wa Baraza wa Seeb, na anayejua Kiarabu cha kuandika amsaidie asiyejua.

Kwa mtaa wa shangazi barua imekwishaandikwa upya, ukurasa mmoja na picha nne, na safari hii imepelekwa ofisi zote mbili kwa siku moja. Mwishoni tumeziandika siku zake za hospitali: Jumapili, Jumanne na Alhamisi.