Nishani ya Wadachi yenye Maneno ya Kifaransa

Nchi hii ya Himo iliona vita vya Wadachi na Waingereza hata Machi 1916, ndipo von Lettow-Vorbeck aliporudi nyuma kuelekea Kahe. Novemba ya mwaka ule ule, akiwa amekwisha kwenda kusini, Kaisari alimpa nishani iitwayo Pour le Mérite. Twapenda kuieleza, kwa kuwa maneno yake yanagusa lugha yetu.

Aliyeiweka ni Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, mwaka 1740. Barazani pake walisema Kifaransa, ndiyo sababu nishani ya Wadachi haina neno hata moja la Kidachi. Ni msalaba wa rangi ya samawati wenye ncha nane, na tai wanne wa dhahabu kati ya mikono yake. Mkono wa juu una taji na herufi F. Mitatu iliyobaki imegawana maneno. Huvaliwa shingoni kwa utepe mweusi wenye mistari ya fedha. Mwaka 1842 likaongezwa tawi la wenye elimu na sanaa, nalo lipo hata leo. Lile la vita lilikwisha 1918.

Maana yake ni "Kwa Ustahili." Ustahili wa nani? Kwetu mtu hustahili sifa, na hustahili fimbo vile vile. Nishani hii ilikuwa ya maofisa. Askari Waafrika waliopigana chini yao hawakuweza kuipata. Na wapagazi waliobeba mizigo ya vita, wakafa njiani kwa maelfu, wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.