Pasi ya Fundi Cherehani na Hesabu ya Omu



Hapa Bugarama mafundi cherehani wengine huvuta waya wa umeme kutoka duka la jirani hadi kibandani mwao. Jioni, pasi ikichomekwa tu, taa ya kibandani hufifia, na ukiushika waya wauona una joto. Watu husema umeme wenyewe ni dhaifu. Mimi nasema tupige hesabu kwanza.

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa mkondo upitao. Omu ni ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo. Wati ni kasi ya kutumia nishati. Ukijua volti na ampea, vingine viwili wavipata: gawanya volti kwa ampea, upate omu; zidisha volti kwa ampea, upate wati. Kanuni ya omu yatokana na Georg Simon Ohm, aliyepata kuwa mwalimu wa shule kule Cologne, Ujerumani, akaitangaza katika kitabu mwaka 1827. Walimu wetu watafurahi kusikia hayo.

Haya, tutazame pasi. Imeandikwa volti 230, wati 1,150. Gawanya 1,150 kwa 230: ampea 5. Gawanya 230 kwa 5: omu 46. Hiyo ni pasi iliyochomekwa karibu na mita ya umeme.

Sasa tuweke waya mrefu. Waya mwembamba wa shaba, wa nusu milimita ya mraba, ukivutwa umbali wa mita 57, una omu 4 hivi kwenda na kurudi. Mkondo hauna njia nyingine, sharti upite kote; basi jumla ni omu 50, na 230 gawanya kwa 50 ni ampea 4.6. Zidisha 4.6 kwa zile omu 4: volti 18.4 zimepotea njiani. Kibandani zafika volti 211.6 tu, na pasi yapata wati 973. Na waya je? Volti 18.4 mara ampea 4.6 ni karibu wati 85, zote joto, nazo mita yazihesabu sawasawa na zile zilizonyosha suruali.

Hatari iko hapa. Fundi akiongeza pasi ya pili kama ile, ampea zapanda hadi 8.5 hivi, lakini joto la waya lafika wati 290, zaidi ya mara tatu, kwa sababu joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Waya ukiwa umeviringwa chini ya rundo la vitambaa, joto halina pa kutokea. Plastiki huyeyuka, nyaya mbili hugusana, moto huwaka. Waya wa milimita mbili na nusu za mraba ungekuwa na omu 0.8 tu, na kwa pasi moja ungepoteza wati 19 hivi.

Wahandisi nao wanayo shida iyo hiyo. Maji ya Ruzizi, yakishuka kutoka Ziwa Kivu kabla ya kufika uwandani kwetu, huzungusha mitambo ya Ruzizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Umeme wa huko husafirishwa mbali kwa volti 110,000. Tukihesabu kwa njia yetu nyepesi, wati 11,000,000 kwa volti hizo ni ampea 100. Kwa volti 230 zingekuwa karibu ampea 48,000!

Mashine za kukoboa mpunga nimeziacha makusudi. Zina mota, na kwa mota za umeme geu, volti mara ampea huzidi wati za kweli. Pasi, birika na jiko la umeme zafuata hesabu hii bila ubishi.