Dodoso Liandikwe Chunyu

Mwaka 2004, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao walipita katika wilaya tano za kusini mwa Tanzania: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Walihoji kaya 21,600, na badala ya makaratasi walibeba kompyuta ndogo za mkononi. Jibu liliingizwa pale pale barazani kwa mwenye nyumba. Kwa wakati ule ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Ila vifaa, programu na maswali vilikuja na msafara, vikaondoka na msafara.

Leo kata kama Chunyu, wilayani Ruangwa, inaweza kuifanya kazi ya namna hiyo yenyewe. Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na simu za Android zimeenea vijijini. Programu nayo ni ya bure. Inaitwa ODK, na ilianza mwaka 2008 kwa mikono ya Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wanafunzi wake Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette. Miongoni mwa waliotangulia kuitumia ni wahudumu wa AMPATH kule Eldoret, Kenya, waliopita nyumba kwa nyumba wakipima VVU. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuurekebisha na kumpa mwenzake bila malipo.

Haki hiyo ina uzito mkubwa mahali ambapo bando hununuliwa kwa kujinyima. Mwalimu mmoja akipakua ODK Collect, sehemu ya ODK inayokaa kwenye simu, palipo na mtandao mzuri, anaweza kuwarushia wenzake faili la kusakinisha kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu, na hajavunja sheria yoyote. Sharti ni kwamba faili litoke Play Store au kwa watengenezaji wenyewe. Faili lililookotwa kwenye kundi la WhatsApp lisiguswe, hata likiwa na nembo ile ile. Na kama simu imepewa ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store, ruhusa hiyo ifungwe tena kazi ikiisha.

Utamu wenyewe uko kwenye dodoso. Huandikwa kwenye jedwali la kawaida, la Excel au LibreOffice: mstari mmoja, swali moja. Safu moja inaeleza aina ya jibu, kama ni namba, tarehe, picha au mahali palipopimwa kwa GPS. Nyingine inabeba swali lenyewe, kwa Kiswahili cha mtaani kwetu. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, anaweza kuuliza: una mikorosho mingapi? Mingapi imeshikwa na ugonjwa wa ubwiri unga? Salfa ya kuuzuia ulipokea mifuko mingapi, na ilikufikia tarehe ngapi? Asiyepokea salfa, simu inaliruka swali la mifuko. Mtu akiandika mikorosho 5,000 badala ya 50, inamkatalia, ilimradi mwandishi wa dodoso aliweka kikomo. Yote haya hufanyika bila mtandao. Majibu hutumwa baadaye, mtandao ukishika.

Tarehe ya kufika salfa ni swali ambalo mkulima wa korosho hulijua maana yake, kwa kuwa dawa iliyochelewa haiokoi maua yaliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maswali yatungwe na wanaoishi na mikorosho.

Pagumu ni seva ya kupokelea majibu. ODK Central husakinishwa kwenye mashine ya Linux kwa kutumia Docker, na hapo anahitajika fundi wa TEHAMA. Asiyekuwa naye aanze na KoboToolbox, iliyojengwa juu ya ODK, ambayo ina seva ya bure yenye mipaka ya matumizi. Na kwa kuwa dodoso linabeba majina na mahali watu wanapoishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika: mwenye kukusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayehojiwa aambiwe majibu yake yanakwenda wapi.

Nakala ya kwanza ya matokeo ningeomba isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha ndipo iende kwa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI na halmashauri. Dodoso likijaribiwa Aprili kwenye kaya chache, marekebisho yatakuwa yamekamilika kabla ya msimu wa kupuliza kuanza.