Kadi ya Picha Iliyo Nje ya Kompyuta: Wazazi, Pimeni Kabla ya Kununua

Wazazi wapenzi, nanyi vijana mnaosoma gazeti hili pamoja nao, leo tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho baadhi yenu mmekwisha kuombwa fedha zake. Mtoto aliye chuoni mjini anayo kompyuta yake ya kubeba, ile iitwayo laptopu. Mliinunua kwa jasho: pengine kwa kahawa ya msimu mzima, pengine kwa ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa. Sasa apiga simu kusema kwamba laptopu peke yake haitoshi kwa michezo, yataka sanduku jingine la kuwekwa kando yake, lenye kadi ya picha ndani. Baba hushangaa: "Kumbe tulinunua kitu kibovu?" Mama naye huuliza: "Na hilo sanduku ni fedha ngapi?" Mtoto hujaribu kueleza, lakini maneno yake ni mageni matupu, na mara ugomvi huanza.

Basi, tusigombane kwa jambo tusilolijua. Tulitazame polepole, kisha kila nyumba ikate shauri lake.

KADI YA PICHA NI NINI?

Ndani ya kompyuta kuna wafanya kazi wawili wakubwa. Wa kwanza ni prosesa. Huyu ndiye msimamizi: hupiga hesabu, hupanga, hutoa amri. Wa pili ni kadi ya picha, ambayo wenye maduka huiita kadi ya grafiksi. Kazi yake ni kuchora yale yote yaonekanayo kwenye kioo.

Labda wadhani kuchora ni kazi ndogo. Tufanye hesabu. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina vidoa 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata vidoa 2,073,600, na kila kidoa chataka rangi yake. Ukiwa waandika barua, picha hukaa vile vile, hakuna haraka. Lakini katika mchezo wa mpira wa kompyuta, mchezaji akikimbia, nyasi, vivuli na watazamaji vyote hubadilika. Ili jicho lione mwendo laini, picha yapasa kuchorwa upya kama mara 60 kwa kila sekunde. Hivyo ni vidoa zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja! Kadi dhaifu ikilemewa, picha hukwamakwama, na kijana hufungwa bao kabla hajauona mpira. Ndiyo sababu ya malalamiko yake.

KWA NINI LAPTOPU HUSHINDWA?

Si kwamba mliuziwa kitu kibovu. Laptopu imeundwa iwe nyembamba, nyepesi, na iweze kutumia betri. Kadi ya picha yenye nguvu hutaka umeme mwingi, nao umeme mwingi huleta joto jingi. Katika kiwiliwili chembamba joto halina pa kutokea. Feni hulia, kompyuta huwaka moto mapajani, na mwishowe hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue.

Twaweza kutoa mfano. Mwaka 2022 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya kompyuta za mezani iitwayo RTX 4090. Mwaka uliofuata ikatoa ya laptopu yenye jina hilo hilo. Ile ya mezani hutumia umeme hadi wati 450, lakini ya laptopu haizidi wati 175. Jina ni moja, nguvu mbalimbali. Mnunuzi asidanganyike na jina.

Tena, katika laptopu nyingi kadi ya picha imechomelewa kabisa kwenye ubao wa ndani. Huwezi kuing'oa na kuweka nyingine, kama vile fundi abadilishavyo ile ya kompyuta ya mezani. Ndipo watu walipofikiri: ikiwa kadi kubwa haiwezi kuingia ndani, kwa nini isikae nje?

SANDUKU LA NJE

Mawazo hayo si ya jana. Mwaka 2008 kampuni ya AMD ilileta njia yake ya kuunganisha kadi ya nje, na laptopu ya Fujitsu Siemens ikauzwa na sanduku la namna hiyo. Mwaka 2011 Sony nao walitoa laptopu ya Vaio Z pamoja na sanduku lake. Ubaya wake ulikuwa huu: kila sanduku lilifuata laptopu yake. Laptopu ikifa, sanduku nalo halina kazi.

Mambo yalibadilika mwaka 2015 kampuni ya Intel ilipotangaza njia iitwayo Thunderbolt 3. Njia hii hupita katika tundu dogo la duara dufu, lile lile la USB-C linalojulikana kwa simu, na huchukua habari hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Mwaka 2016 kampuni ya Razer ilileta sanduku lake liitwalo Core, bei yake dola 499, nalo ni tupu! Kadi yenyewe ilinunuliwa mbali.

Ndani ya sanduku la namna hii mna vitu vitatu: nafasi ya kuchomeka kadi ya picha ya kompyuta ya mezani, pawa saplai ya kuilisha umeme, na feni za kuipoza. Waya mmoja mfupi hutoka humo kwenda kwenye laptopu. Laptopu husema, "Chora hiki," kadi huchora. Sanduku nyingi huichaji laptopu kwa waya huo huo. Mchana kijana huchukua laptopu yake nyepesi kwenda darasani, jioni huichomeka mezani na kupata nguvu zaidi. Kwa kweli ni akili njema.

MLANGO MWEMBAMBA

Lakini hapa ndipo pa kufungua macho. Fikiri ghala lenye mahindi tele. Ukiwa na milango 16 ya kutolea magunia, kazi huenda mbio. Ukiifunga 12, ukabakiwa na minne, hata wapagazi wawe hodari namna gani, watapanga foleni mlangoni.

Ndivyo ilivyo. Kadi ikikaa ndani ya kompyuta ya mezani, kwa kawaida hupewa njia 16 za kupitisha habari. Ikikaa nje kwa Thunderbolt 3 au Thunderbolt 4, hupata nne tu. Basi sehemu ya nguvu mliyoinunua hupotea njiani. Na kadiri kadi ilivyo kubwa na ghali, ndivyo ipotezavyo zaidi, kwa kuwa yenyewe yaweza kazi nyingi na mlango ni ule ule. Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, imeupanua mlango kwa kufikisha gigabiti 80 kwa sekunde, lakini yataka laptopu mpya na sanduku jipya.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana dukani. Kijana akitaka picha ionekane kwenye kioo cha laptopu yenyewe, picha iliyochorwa nje hulazimika kurudi kwa waya ule ule. Wenda na warudi hugongana mlangoni, na mwendo hupungua tena. Dawa yake ni kununua kioo kingine na kukiunganisha na kadi moja kwa moja. Waona? Gharama zimezidi kuzaa.

MAMBO YA KUKAGUA

Ikiwa bado nia ipo, yapasa kuyakagua haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tundu. Si kila tundu la USB-C ni Thunderbolt. Kwa macho yafanana kama mapacha. Kwa kawaida la Thunderbolt huwekwa alama ndogo ya radi, lakini njia ya hakika ni kusoma kitabu cha laptopu hiyo. Laptopu nyingi zisizo na njia hii hazitakubali sanduku la Thunderbolt, hata mkibembeleza.

Pili, aina ya kompyuta. Kampuni ya Apple iliziruhusu kadi za nje katika Mac zake mwaka 2018. Lakini Mac zenye prosesa ya Apple yenyewe, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, haziwezi kuchezea michezo kwa kadi za nje. Kijana mwenye hizo asipoteze nauli kwenda dukani.

Tatu, prosesa. Kumbukeni yule msimamizi. Kama ni mzee na mchovu, mchoraji mpya hatakuwa na kazi ya kufanya, atangoja amri tu. Sanduku haliponyi prosesa dhaifu.

Nne, waya. Waya mrefu wa bei rahisi ni hasara. Kebo ya kawaida ya Thunderbolt 3 hubeba gigabiti zake zote 40 ikiwa fupi, kiasi cha nusu mita. Na mchezo ukiwa unaendelea mtu asiuchomoe, kompyuta yaweza kukwama na kazi isiyohifadhiwa ikapotea.

Tano, mitumba. Mwezi wa Septemba 2022 sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliuzwa sokoni. Kadi kama hiyo yaweza kuwa nzima, yaweza kuwa imechoka. Usilipe kabla hujaiona ikicheza mchezo mzito kwa muda, na kuzisikiliza feni zake.

NA UMEME JE?

Sisi wa vijijini hatuwezi kulisahau hili. Kadi ya wastani kama RTX 3060 hutumia kama wati 170. Ongeza laptopu yenyewe na kioo cha pili, jumla yafika kama wati 250. Kwa saa nne za kucheza, hiyo ni uniti nzima ya umeme. Mjini labda si kitu. Lakini kijana akirudi likizo katika nyumba yenye paneli ya jua ya wati 50, hapo hapana mchezo! Paneli hiyo huwasha taa na kuchaji simu. Kulisha sanduku hilo ni sawa na kumtwika mbuzi gunia la punda. Tena umeme ukikatika ghafla, sanduku halina betri kama laptopu. Huzimika papo hapo.

NJIA NYINGINE

Zipo njia za kupunguza gharama. Michezo karibu yote huruhusu mtu kupunguza uzito wa picha. Akichagua vidoa 1,280 kwa 720, jumla ni 921,600, yaani pungufu ya nusu ya kazi ile ya kwanza. Vivuli vikipunguzwa, kazi hushuka tena. Picha haitapendeza sana, lakini mpira utachezeka, na gharama yake ni sifuri. Vile vile, feni zilizojaa vumbi zikisafishwa na fundi, laptopu hupumua na mwendo wake hurudi.

Na kama ni lazima kununua, jumlisheni bei ya sanduku, kadi na kioo. Kisha ulizeni bei ya kompyuta ya mezani ya mitumba, yenye nafasi ya kadi ndani. Mara nyingi mtakuta ya mezani ni nafuu, nayo yaipa kadi njia zake zote 16. Sanduku lafaa zaidi kwa yule ambaye tayari anayo laptopu nzuri yenye Thunderbolt, hana nafasi ya kompyuta ya pili, na umeme wake ni wa kutegemewa.

MASHAURI NYUMBANI

Twasema haya si kwa kuwachukia vijana wala michezo yao. Kijana aliyesoma juma zima astahili kuburudika, kama vile babu zetu walivyoketi kucheza bao. Tena kadi hiyo hiyo yaweza kuwa chombo cha kazi. Mwanafunzi wa uchoraji wa majumba, au yule atengenezaye filamu za arusi, huitumia kupata riziki. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "Bei gani?" bali "Ni la nini?" Na jibu liwe la kweli. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hilo sanduku, niambie kweli, ni la masomo au la mchezo?"

"Ni la mchezo, baba. Kwa masomo laptopu yatosha."

"Umesema kweli, nami nimefurahi. Basi fedha ya ada ya wadogo zako hatuigusi. Fanya kazi wakati wa likizo, weka akiba yako. Zikitimia, nenda ukakague lile tundu kwanza, kisha ununue. Sitakukataza."

"Na nikizipata zote, baba, huenda nikanunua ya mezani, wadogo zangu nao waitumie."

"Hapo umenena, mwanangu."

Nyumba yenye mazungumzo kama hayo haitagombana kwa ajili ya sanduku. Baba amejua aombwacho, mtoto amejua fedha inakotoka, na ng'ombe bado yupo zizini.